Wikendi ya Machipuko Kando ya Schiphol: Mwongozo Kamili wa Aalsmeer, Hoofddorp na Mashamba ya Tulipi

Abiria wengi wanaotua Schiphol wakitokea Nairobi, Kilimanjaro au Dar es Salaam hufanya moja kati ya mawili: huunganisha ndege nyingine, au huteremka kwenye kituo cha treni kilicho chini ya uwanja na robo saa baadaye wako katikati ya Amsterdam. Eneo linaloizunguka Schiphol hawalioni kabisa. Mwezi wa Aprili hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu maua ambayo watu huyafuata Uholanzi hayako mjini. Yako huku. Mnada mkubwa wa maua kuliko yote duniani uko Aalsmeer, kilomita chache kutoka zinaporukia ndege. Msitu wenye bustani ya micheri 400 umepakana na uwanja. Keukenhof, bustani ya tulipi inayojulikana dunia nzima, ni safari ya basi moja kutoka mlango wa kutokea abiria.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kukaa hukuhuku kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, awe anatoka Afrika Mashariki, awe anaishi Ujerumani, Ubelgiji au Uingereza na anatafuta mapumziko mafupi. Anayetoka nje ya Schengen asisahau kwamba kutoka uwanjani, hata kwa saa chache za kusubiri ndege, kunataka viza ya Schengen kwa Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mkongo. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza pia kuandikisha wageni kwa picha ya uso na alama za vidole mpakani, basi jipe muda wa foleni.

Hatua ya kwanza: chagua wiki

Maua ya huku yana zamu. Krokasi hutangulia mwezi Machi. Dafodili na hiasinti hufuata, toka mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili. Tulipi hushika uwanja katikati ya Aprili hadi siku za mwanzo za Mei. Micheri huchanua kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili, na ikishachanua haikai. Upepo wa siku mbili huivua yote. Machi ikiwa na joto kila kitu huwahi, ikiwa na baridi kila kitu huchelewa.

Kwa anayetaka micheri na tulipi kwa pamoja, wikendi ya pili ya Aprili ndiyo bahati nasibu nzuri zaidi. Kwa anayetaka mashamba yakiwa yamejaa rangi, ya tatu. Katika kipindi hicho pia hufanyika maandamano ya magari yaliyopambwa maua, Bloemencorso, yanayotoka Noordwijk hadi Haarlem Jumamosi moja ya Aprili, zaidi ya kilomita 40, yakipita Lisse, Hillegom na Heemstede. Siku hiyo mabasi ya eneo la mashamba hubadilishiwa njia, kwa hiyo angalia tarehe yake kabla ya kulipia kitu chochote.

Epuka tarehe 27 Aprili, Siku ya Mfalme, isipokuwa kama unaitaka yenyewe: treni hufurika watu waliovaa rangi ya chungwa na vyumba hupanda bei. Pasaka nayo hujaza Keukenhof.

Hatua ya pili: panga kulala

Hoteli za viwanja vya ndege huishi kwa wafanyabiashara, na wafanyabiashara huondoka Ijumaa. Ndiyo maana usiku wa Ijumaa na Jumamosi mara nyingi huwa nafuu kuliko wa Jumanne. Msimu wa tulipi hupunguza nafuu hiyo, kwa hiyo weka nafasi mapema. Kodi ya wageni ya Amsterdam ni asilimia 12.5 ya bei ya chumba, na kulala nje ya mipaka ya jiji hukuepusha nayo, ingawa manispaa za huku zina kodi zao. Tangu Januari 2026 kodi ya ongezeko la thamani kwenye malazi Uholanzi imepanda kutoka asilimia 9 hadi 21. Bei unayoiona mtandaoni, hakikisha imejumuisha yote.

Kwa asiyependa baiskeli, Hoofddorp ndiyo sahihi: treni hadi Schiphol ni kama dakika tano, na basi namba 300 hupita huko likitoka Haarlem kwenda Schiphol, Amstelveen na Amsterdam Bijlmer. Mji wenyewe ni wa maofisi na nyumba mpya. Una madaraja matatu meupe ya Santiago Calatrava juu ya mfereji wa Hoofdvaart, yaliyofunguliwa mwaka 2004 na kupewa majina ya ala za muziki: Kinubi, Zeze na Udi, kwa kutafsiri karibu. Pita uyaone ukiwa njiani.

Kwa anayeweza kuendesha baiskeli, mimi namwelekeza Aalsmeer bila kusita. Ni mji wa maji na bustani, wenye ziwa la Westeinder upande mmoja na vibanda vya kioo vya maua upande mwingine.

Kelele? Schiphol ina njia sita za kurukia ndege, na usiku hutumika zaidi mbili, Polderbaan na Kaagbaan. Njia ya Aalsmeerbaan, inayoelekea Aalsmeer, hufanya kazi zaidi mchana. Kwa hiyo mchana ndege zitakupita juu, usiku utalala. Ukiwa na usingizi mwepesi, uliza tu kama madirisha yana vioo viwili.

Hatua ya tatu: usafiri na mavazi

Huhitaji kununua kadi ya basi. Gonga kadi yako ya benki, au simu, kwenye mashine unapopanda, na uigonge tena unaposhuka. Hilo la pili ndilo watu husahau, na ukisahau utakatwa nauli kubwa kuliko ya safari yako. Kila msafiri agonge kadi yake. Kadi moja haibebi watu wawili.

Baiskeli za njano na buluu zinazokodishwa vituoni zinahitaji kadi ya Kiholanzi, hivyo kodisha hotelini au dukani. Omba yenye breki za mkononi kama hujazoea za kurudisha pedali nyuma. Njia za baiskeli ni za lami nyekundu na si mahali pa kusimama kupiga picha. Barabarani utaona vibao vyeupe vyenye namba za kijani: kila njia panda ina namba, na kibao kinakuonyesha namba inayofuata ni upande gani. Andika mfululizo wa namba zako kwenye karatasi asubuhi, na hutahitaji ramani ya simu siku nzima.

Joto la Aprili ni kama nyuzi 5 usiku na 13 mchana, na nchi ni tambarare, kwa hiyo upepo haukutani na kizuizi. Beba koti la mvua lenye kofia. Mwavuli utakunjwa na upepo kabla ya saa sita. Glavu nyepesi kwa anayeendesha baiskeli. Jua huzama kama saa mbili na nusu usiku katikati ya Aprili, basi mchana ni mrefu kuliko tuliouzoea.

Hatua ya nne: Ijumaa asubuhi, mnada wa Aalsmeer

Hapa ndipo wageni wengi hupotea. Mnada wa Royal FloraHolland haufanyi kazi Jumamosi wala Jumapili. Anayefika Jumamosi ameukosa. Wikendi ya huku lazima ianze Ijumaa alfajiri: wageni hupokelewa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano, na kufika saa nne ni kukuta kazi inakwisha. Nunua tiketi mtandaoni na uthibitishe saa za wiki yako, hasa karibu na sikukuu. Ndege za usiku kutoka Afrika Mashariki hutua alfajiri, na begi lako laweza kubaki kwenye makabati ya mizigo ya uwanjani. Ukiwa na nguvu, nenda moja kwa moja.

Utapita kwenye ujia ulioinuliwa juu ya sakafu ya jengo ambalo ni miongoni mwa majengo yenye eneo kubwa kuliko yote duniani, zaidi ya mita za mraba 500,000. Chini yako treni ndogo za umeme huvuta msururu wa matoroli yaliyojaa maua, zikipishana kwa kasi ya kushangaza. Baridi ya chumba cha maua utaisikia, kwa hiyo usivue koti.

Mnada wenyewe huenda kinyume na wa kwetu. Kwetu dalali huita bei na watu huipandisha. Hapa saa kubwa ya mnada huanzia bei ya juu na kushuka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mnunuzi. Ukibonyeza mapema umelipa zaidi. Ukingoja nukta moja mwenzako amechukua. Toroli zima huuzwa kwa sekunde chache. Zamani wanunuzi walikaa kwenye viti mbele ya saa hizo. Siku hizi wengi hununua kwa kompyuta wakiwa makwao, kwa hiyo usitegemee ukumbi uliofurika watu. Kinachostahili kutazamwa ni sakafu.

Sasa soma maandishi ya masanduku na ndoo. Kenya ndiyo nchi ya nje inayoleta maua mengi zaidi kwenye mnada huu, ikifuatwa na Ethiopia. Waridi lililokatwa Naivasha linasafirishwa kwa baridi hadi Nairobi, linapakiwa ndege usiku, linatua Schiphol, na kutoka hapa linatawanywa Ujerumani, Ufaransa, Uingereza na kwingine. Aliyewahi kufanya kazi kwenye mabanda ya plastiki ya Naivasha, au mwenye dada au shangazi aliyefanya, ataelewa kwa nini nasema hapa ndipo pa kuanzia. Kule mtu hukata shina kwa kipimo, huondoa miiba, hupanga kwa urefu, na sanduku likishafungwa habari zake huishia hapo. Huku unaona sababu ya kila sharti alilokuwa akiwekewa: urefu wa shina, ukubwa wa kichwa, kiasi cha kufunguka, vyote ni alama ambazo mnunuzi huzisoma kabla ya kubonyeza. Nenda na watoto kama unao. Waonyeshe jina la nchi kwenye sanduku.

Mchana pumzika Aalsmeer. Historische Tuin ni bustani ya kumbukumbu ya kilimo cha maua, na humo utaona lilaki, ua lililoupa mji huu sifa. Kabla ya maua mji ulijulikana kwa stroberi. Wenyeji husema bendera yao ni nyekundu kwa tunda, kijani kwa jani na nyeusi kwa udongo. Jioni tembea hadi mnara wa maji wa mwaka 1928 ulio ukingoni mwa Westeinder, halafu tafuta kibbeling, vipande vya samaki vya kukaanga vinavyouzwa moto kwenye vibanda. Aprili pia ni mwanzo wa msimu wa asparagasi nyeupe, ambayo Waholanzi huila hadi tarehe 24 Juni.

Hatua ya tano: Jumamosi, msituni na chini ya ndege

Amka mapema uende Amsterdamse Bos. Msitu huu wa hekta 1,000 haukuota wenyewe. Ulianza kupandwa mwaka 1934, wakati wa mdororo wa uchumi, na maelfu ya watu wasio na ajira waliuchimba na kuupanda kwa mikono. Upande wa Amstelveen kuna bustani ya micheri 400, zawadi ya klabu ya wanawake wa Kijapani ya mwaka 2000. Kila mti una jina la mwanamke, nusu ya Kijapani na nusu ya Kiholanzi. Kiingilio ni bure. Ikichanua, familia hutandika mikeka chini yake kuanzia saa nne. Wewe fika saa mbili, uikute peke yako. Usitikise matawi ili upate picha ya maua yakianguka. Miti hiyo imeteseka vya kutosha kwa jambo hilo.

Kutoka hapo nenda kwenye shamba la mbuzi la Ridammerhoeve, humohumo msituni, ambako msimu huu kuna watoto wa mbuzi na wageni hununua chupa za maziwa kuwanywesha. Kisha chakula cha mchana Meerzicht, mgahawa wa chapati za maji: nyembamba, pana kama sahani, na hupikwa na jibini, tufaha au sharubati nzito ya sukari. Tausi hutembea kati ya meza.

Alasiri ni ya ndege za Schiphol. Kutazama ndege huku ni mapenzi ya watu wengi, wenye ngazi ndogo, kamera na redio, na hukaribisha wageni vizuri. Siri ni upepo, kwa sababu ndege hutua na kuruka zikiuelekea. Upepo ukitoka kusini, ndege zinazotua Polderbaan huja kutoka kaskazini na kushuka mbele ya macho yako. Upepo ukitoka kaskazini, Polderbaan hutumika kurukia tu, na baadhi ya ndege hutua Aalsmeerbaan zikipita juu ya Aalsmeer. Kwa hiyo tazama upepo asubuhi, ndipo uamue uende wapi.

Polderbaan ilifunguliwa mwaka 2003, ina urefu wa kilomita 3.8, na iko mbali na jengo la abiria kiasi kwamba ndege yaweza kutembea ardhini karibu dakika 20 kuifikia. Kando yake, karibu na Vijfhuizen, pametengwa mahali pa watazamaji. Usiondoke huko bila kuona bustani ya Buitenschot, upande wa Hoofddorp; utanishukuru baadaye. Polderbaan ilipoanza kazi wakazi walilalamikia mngurumo mzito unaotambaa ardhini. Ikagundulika kwamba wakulima wakilima mashamba yao vuli, mngurumo hupungua, kwa sababu matuta ya udongo huuvunja. Msanii Paul de Kort na wenzake wakatengeneza bustani nzima ya matuta marefu yaliyopangwa kwa pembe kali, ikafunguliwa mwaka 2013. Ni kinga ya kelele na ni mahali pa watoto kukimbia. Tembea katikati ya matuta mawili ndege inaporuka, kisha panda juu ya tuta, usikie tofauti kwa masikio yako.

Ukibakiwa na nguvu, elekea Cruquius. Utapita kando ya Ringvaart, mfereji wa takriban kilomita 60 unaolizunguka eneo hili lote, na hapo utaona jambo la ajabu: mashua zinapita juu kuliko paa za baadhi ya nyumba. Wewe uko chini ya ziwa. Schiphol na Hoofddorp ziko mita nne hivi chini ya usawa wa bahari, mahali palipokuwa ziwa la Haarlemmermeer, ambalo watu waliliita mbwa mwitu wa maji kwa jinsi lilivyokuwa likila kingo zake. Mwaka 1836 dhoruba mbili zililisukuma, Novemba hadi malango ya Amsterdam na Desemba hadi Leiden. Serikali ikaamua kulikausha. Mitambo mitatu ya mvuke, Leeghwater, Lynden na Cruquius, ilivuta maji kuanzia 1849, na mwaka 1852 ziwa likatangazwa kuwa kavu. Cruquius sasa ni makumbusho, na injini yake yenye silinda ya kipenyo cha mita 3.66 ndiyo injini kubwa zaidi ya mvuke ya aina yake iliyowahi kujengwa. Simama chini ya mikono yake ya chuma inapoinuka. Hata asiyependa mashine hunyamaza.

Hatua ya sita: Jumapili, Keukenhof na mashamba

Basi namba 858 hutoka Schiphol hadi Keukenhof, msimu huu tu. Tiketi ya bustani hununuliwa mtandaoni kwa saa maalumu, na ipo inayojumuisha basi. Inunue wiki kadhaa kabla, maana Jumapili za Aprili huisha. Chagua saa mbili asubuhi. Ukikosa, chagua saa kumi jioni, mabasi ya watalii yanapoondoka. Bustani hufungwa saa moja na nusu usiku. Saa tano hadi saa tisa hapafai kwa mtu mwenye gari la mtoto wala kwa mzee.

Bustani ina hekta 32 na matunguu ya maua milioni 7 hivi, yanayopandwa kwa mkono kila vuli. Anzia nyuma, sio langoni: nenda moja kwa moja hadi kwenye kinu cha upepo, panda, utazame mashamba ya jirani, kisha rudi taratibu wakati wengine ndiyo kwanza wanaingia. Saa tatu zinatosha.

Baada ya hapo kodi baiskeli langoni utoke mashambani kuelekea Lisse, Hillegom au Noordwijkerhout. Mistari ya rangi hufika upeo wa macho. Usiingie shambani, hata hatua moja: kiatu huvunja shina na hubeba magonjwa ya udongo kutoka shamba hadi shamba. Wala usishangae ukikuta shamba limekatwa vichwa na maua yamerundikwa kando. Mkulima hapa hauzi ua, anauza tunguu, na ua likiachwa hunyonya nguvu ya tunguu. Shamba lililokuwa jekundu Ijumaa laweza kuwa la kijani Jumapili. Ndiyo maana ni vizuri kuuliza hotelini asubuhi ni upande gani bado una rangi.

Kabla ya kufunga begi

Watu wengi hutaka kurudi nyumbani na tulipi. Matunguu huvunwa kiangazi na kupandwa vuli, hivyo kinachouzwa Aprili mara nyingi ni oda ya kutumwa baadaye. Yaliyorundikwa vikapuni kwenye maduka ya watalii usiyaamini sana. Kuyaingiza Kenya kunataka kibali cha KEPHIS, mamlaka ya afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea, na Tanzania mamlaka yake ni TPHPA. Bila karatasi hizo yatachukuliwa mpakani. Kwa anayeishi Ulaya hakuna shida: agiza sasa, yafike Septemba, uyapande kabla ardhi haijaganda. Kwa anayerudi Afrika Mashariki, nunua jibini na stroopwafel, biskuti nyembamba zenye sharubati nzito katikati. Tunguu la tulipi hata hivyo linataka wiki nyingi za baridi kali chini ya ardhi ndipo lichanue, na Pwani haina baridi hiyo.